Canny, Alisema Bi Thora

Bi Thora Stobbs wa Low Hedley hakuwa mtu wa kusifu. Ukimpelekea keki alikula kipande, akafuta makombo kwenye sketi, akasema, "Imeiva." Mwanawe Wilf alipotolewa mgodini akiwa hai, baada ya dari la makaa kuporomoka, alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye buti, akamwambia, "Vua viatu hivyo mlangoni." Kisha akaingia jikoni kuchemsha maji ya chai, na waliokuwepo siku ile wanasema maji yalichemka mpaka yakakauka, yeye kasimama tu anaitazama birika. Ndivyo walivyo watu wa Durham, kaskazini mwa Uingereza. Mapenzi wanayo tele, ila wameyafungia kabatini pamoja na vyombo vya harusi, hayatolewi ovyo.

Mbele ya mama huyo ndipo Verity Chubb alipokuja kujitambulisha. Verity alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mshonaji wa mapazia, na alitoka Dorset, kusini kabisa, safari ya kutwa nzima kwa treni. Wilf naye alikuwa mgane. Walikutana kwenye safari ya basi ya wapenda bustani, wakagombana juu ya mbolea, na ugomvi ukanoga mpaka ukawa uchumba. Harusi ilipangwa mwezi wa Oktoba. Sasa ilikuwa Septemba, wiki ya maonyesho ya liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu ambazo wanaume wa huko hushindania kuzikuza, na Wilf akaona hakuna wiki nzuri zaidi ya mchumba kuwajua watu wa kwao.

"Nakwambia mapema, Wilf," Verity alisema siku aliyofika, kabla hata hajavua koti. "Mama yako asiponitaka, siingii katika nyumba hii."

"Mama hamtaki mtu. Hata mimi sina hakika kama ananitaka."

"Sifanyi mzaha."

Wilf alimtazama, akaona kweli hafanyi mzaha. Na sababu aliijua.

Mume wa kwanza wa Verity alikuwa na watoto wakubwa aliowazaa na mke mwingine. Siku ya mazishi, watu wakila na kunywa, binti mkubwa alimsogelea Verity akitabasamu, sandwichi mkononi, akamwambia, "Wewe umekuwa canny kweli, eh?" Huko kusini neno hilo lina meno. Mtu canny ni mtu wa hesabu, jicho lake haliondoki kwenye pochi, mjanja ambaye hujui amekuingia saa ngapi mpaka ukute kabati tupu. Verity, ambaye alikuwa amemlea yule mzee miaka yake ya mwisho kama mtoto mchanga, aliwaachia nyumba na vilivyomo, akachukua cherehani yake, akaenda kupanga vyumba viwili juu ya duka la samaki. Nyumba haikumuuma. Lililomuuma ni lile neno, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akimeza analisikia. Akaapa hataishi tena chini ya paa la watu wanaomdhania hivyo.

Basi akakaa Low Hedley wiki ile, kwa dada yake Wilf, na kila siku akaenda kushinda na Bi Thora, aliyeishi na mwanawe. Maongezi hayakuwa mengi. Bi Thora alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akitazama bustani ya Wilf, ambako liki zilisimama tutani, nene kama mapaja ya mtoto. Maji ya kuzinyweshea yalichanganywa na bia na sukari, na kwa vipimo gani Wilf hakumwambia mtu, wala Verity hakuuliza.

Siku ya pili Verity aliona jambo. Bi Thora alipoinua kikombe, mkono ulitetemeka. Si sana, lakini chai ilimwagika kwenye sahani, na bibi yule akageuza uso dirishani haraka, akaanza kuulalamikia upepo. Verity hakusema kitu. Ila kuanzia hapo, kila alipomimina chai, alimimina nusu kikombe. Na ili jambo lisionekane, akamimina nusu kikombe kwa kila mtu, yeye mwenyewe na Wilf pia.

"Chai imepanda bei?" Wilf aliuliza, akichungulia ndani ya kikombe chake.

"Ukimaliza utaongezewa," Verity alisema.

"Kule Dorset ndivyo mnavyokunywa?"

"Wilf," alisema Bi Thora bila kugeuka, "kunywa chai yako."

Ijumaa Wilf alizing'oa liki zake tatu zilizo bora na kuzileta ndani zimebebwa kwenye taulo. Kuziosha ni kazi ya heshima. Unatumia sponji laini na maji vuguvugu yenye maziwa kidogo, na mizizi inachambuliwa uzi mmoja mmoja ikae kama ndevu za mzee aliyetoka kwa kinyozi. Mzizi ukikatika, mwamuzi anaona. Miaka yote Bi Thora alikuwa anaiosha mizizi yeye mwenyewe. Siku hiyo alishika sponji, akaitazama kidogo, akamnyooshea Verity.

"Mikono yako ya cherehani," alisema. "Haya."

Verity akaosha. Hakujua kwamba amepewa kitu ambacho marehemu mke wa Wilf, Mungu amrehemu, alikisubiri mpaka akaingia kaburini bila kukipata. Angelijua hilo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nani amwambie? Huku hawaelezani mambo. Asiyejua maana haambiwi maana, na watu wa huku wameugeuza msemo huo kuwa sheria.

Jumamosi, ukumbi wa klabu ya wafanyakazi ulinuka udongo, kitunguu na mafuta ya nywele. Liki zilipangwa juu ya meza zenye vitambaa vyeusi, wanaume wamevaa suti za mazishi, hakuna aliyecheka. Mwamuzi alikuwa ndani na tepu yake ya kupimia, na Wilf amesimama ukutani na wenzake, uso umempauka kama anasubiri habari za hospitali. Wanawake walikuwa chumba cha pili, wakikata mikate bapa na kuijaza nyama na njegere za kupondwa. Verity alipewa sinia akakusanye vikombe ukumbini.

Kati ya vyumba viwili palikuwa na pazia. Alipolifikia akirudi, akasikia sauti ya Jinny Raine, jirani yake Bi Thora tangu wakiwa mabinti. Jinny alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kumwita mumewe kutoka mtaa wa pili.

"Sasa shoga, huyu mwanamke wa Wilf, wewe unamwonaje?"

Verity alisimama na sinia lake. Alijua si vizuri kusikiliza, na alisikiliza.

"Ni canny," alisema Bi Thora.

"Canny?"

"Canny."

"Loo," alisema Jinny. "Basi yamekwisha."

"Yamekwisha. Nipitishie chumvi."

Verity aliliweka sinia chini juu ya piano, taratibu, kikombe kisigongane na kingine. Wiki nzima amekaa kando ya dirisha lile. Ameosha mizizi kama anaosha uso wa mtoto. Na bibi yule, kwa utulivu wake wote, alikuwa anamtazama akimwona mwizi. Alisikia uchungu wa zamani umerudi ule ule, na safari hii ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu Verity alikuwa ameanza kumpenda yule mama.

Sasa, mtu wa kwingine angepiga pazia kando na kuuliza, "Mama, una maana gani?" Kuuliza si ujinga. Lakini Mwingereza, awe wa kusini au wa kaskazini, ni afadhali ahame mji kuliko kuuliza swali hilo. Verity alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwa wifi yake mtarajiwa, akatia nguo zake kwenye begi. Wilf hakumwambia. Wilf alikuwa mbele ya mwamuzi, saa aliyoisubiri mwaka mzima, na Verity hakutaka kumharibia hata hiyo. Alijisemea atampigia simu akifika Dorset. Alijua ataongea nini na alijua atalia.

Kituo cha basi kilikuwa mkabala na klabu. Pale alimkuta mama kijana na kitoto kichanga kwenye kigari, na kibabu kimoja kifupi, Matty jina lake, aliyetolewa nje ya ukumbi kwa sababu mbwa wake alikuwa amekojolea mguu wa meza. Matty alikuwa anapitisha hasira. Akainama juu ya kigari, akamtazama mtoto, mtoto akamtazama.

"Mtoto canny huyu," alisema Matty.

Verity akageuza kichwa. Alimtegea sikio yule mama aone atamjibu nini mtu aliyemtukania mwanawe. Mama kijana alikuwa ameng'aa uso mzima.

"Ahsante, babu. Usiku analala canny pia."

"Ah, hapo umebahatika. Wangu walikuwa wanalia mpaka makaa yanakoma kuwaka."

Verity alikitazama kile kitoto. Hakina jino. Mate yanakitoka. Kimeshika soksi yake mwenyewe na kinaitafuna. Kitoto hiki kimemwibia nani?

"Samahani," alisema, na sauti yake ya kusini ikawafanya wote wawili wageuke. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumuuliza mtu asiyemjua maana ya maneno yake, na masikio yalimwaka moto. "Hilo neno. Mmesema ni canny. Ni mjanja kivipi?"

"Mjanja?" Matty alishangaa. "Nani mjanja, kipenzi? Huyu hana miezi minne."

"Sasa canny maana yake nini?"

Matty alifungua mdomo, akaufunga. Kama ungemuuliza maji maana yake nini angefanya vilevile. "Maana yake," alisema, "ni canny."

"Ni mzuri," alisema mama kijana, akimhurumia. "Mtu ambaye ukikaa naye unajisikia vizuri."

"Si mzuri tu," Matty alikataa. "Dada yangu ni mzuri, lakini si canny. Anaongea mno. Mke wangu marehemu, yule alikuwa canny. Unakaa naye jioni nzima, hasemi kitu, na hutaki kuondoka."

"Na bia inaweza kuwa canny," alisema mama kijana.

"Bia ya pale ndani? Labda zamani."

"Na mbali. Unasema ni canny mbali, yaani ni mbali kiasi."

"Sasa unamchanganya mgeni wa watu."

"Simchanganyi, babu. Kaniuliza."

Walikuwa bado wanabishana basi lilipofika. Dereva alifungua mlango. Mama kijana akapandishwa na kigari chake. Dereva akamtazama Verity na begi lake.

"Unapanda, kipenzi?"

Verity alisimama. "Nikikwambia mtu fulani ni canny," alisema, "utadhani nimemsema vibaya?"

"Kama ni mama mkwe wangu umemsema, nitadhani umekosea nyumba," alisema dereva. "Unapanda hupandi?"

"Sipandi."

"Haya, nenda canny basi," alisema dereva, na hapo alikuwa na maana ya nenda salama, angalia miguu yako, lakini Verity alikwisha kuacha kuhesabu maana. Basi likaondoka. Matty alimwangalia mwanamke yule wa kusini akivuka barabara na begi lake kurudi kule kule alikotoka, akamwambia mbwa wake kwamba watu wa Dorset ni wa kuombewa.

Bi Thora alikuwa bado kule klabuni, kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni. Jinny alikuwa ameenda kuchukua chai. Bibi aliliona begi kwanza, kisha akaona uso.

"Unaenda wapi na begi?"

"Nilikuwa nalitembeza," alisema Verity.

"Limetembea?"

"Limefika kituoni."

Bi Thora alisogeza kiti cha pembeni kwa mguu. Verity akakaa. Ndani ukumbini mwamuzi alikuwa anakohoa, na watu wote wanasikiliza kikohozi chake kama kina habari.

"Nilikusikia," Verity alisema. "Ulisema mimi ni canny."

"Nilisema. Kwani si kweli?"

Basi Verity akamwambia. Akamwambia habari za mazishi, na binti wa mume mwenye sandwichi, na tabasamu lake, na vyumba viwili juu ya duka la samaki. Alieleza kwa sauti ndogo, macho kwenye vidole vyake. Bi Thora alisikiliza mpaka mwisho. Hakumshika mkono wala hakumpa pole.

"Huyo binti," alisema hatimaye, "hakulelewa."

Kisha akaendelea, akitazama mbele, kama anasoma ukuta:

"Bibi yangu alizaliwa kule juu, mpakani na Scotland. Kwao wao 'can' ilikuwa ni kujua. Akikuuliza kama una-can kushona, haulizi kama vidole vinafika. Anauliza kama unajua. Na canny ni mtu anayejua. Anajua lini aseme, lini anyamaze, lini aziache liki za watu ziote zenyewe. Na kitu kisichojulikana, kile kinachokusimamisha nywele gizani, ndicho kikaitwa uncanny. Hilo hata nyie wa kusini mnalo."

"Tunalo," alisema Verity.

"Basi neno lilikuwa letu, zima. Nyie mkalichukua, mkalitia mfukoni pamoja na sarafu, na sasa linanuka pesa. Sisi tulibaki nalo lilivyokuwa."

Msomaji wa Kiswahili hana cha kushangaa hapa. Mjuzi na mjuaji wametoka tumbo moja, na mmoja utampa binti yako, mwingine utamfungia mlango. Maneno ni kama ndugu, hayagawani tabia sawasawa.

"Lakini mimi nilijua nini?" Verity aliuliza. "Hata liki sizijui."

Bi Thora alikiangalia kikombe chake juu ya meza. Kilikuwa nusu.

"Wiki nzima umenipa nusu kikombe," alisema. "Ukajipa nusu na wewe. Ukamnyima na mwanangu, masikini, na kiu yake. Na hukusema." Alipangusa kitu ambacho hakikuwepo kwenye sketi. "Ungesema neno moja ningekutoa nje. Ungesema 'pole' ningekutoa nje na begi lako ningelirusha mwenyewe."

Ule mwiba aliokuwa nao kooni miaka yote alisikia umelegea, umekwenda zake, na mahali pake pakabaki maji ya machozi tu. Akayameza.

"Kuna mtu mwingine umewahi kumwambia hivyo?" aliuliza. "Kwamba ni canny?"

"Baba yake Wilf. Mara moja."

"Alisemaje?"

"Alikuwa amelala."

Hapo makofi yakalipuka ukumbini, kisha viti, kisha watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja kama wamefunguliwa kamba. Wilf alitokea kwenye pazia, liki tatu mikononi, kadi ya rangi ya kijani imening'inia kwenye jani.

"Wa tatu," alisema. Alijaribu kusema kama si kitu, lakini masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha. Hakuwahi kupita wa saba. "Mwamuzi kasema mizizi hajaona kama hiyo. Kauliza nani kaiosha." Kisha akaliona begi, na furaha ikamganda usoni. Akamtazama Verity, akamtazama mama yake, akalitazama begi tena. "Hilo begi la nini?"

Verity alifungua mdomo. Lakini Bi Thora alimtangulia.

"Nimemwagiza mimi," alisema. "Nilitaka nione kama liki zako zitaenea, tukizibeba nyumbani. Haziingii. Ni ndefu mno."

Wilf alilitazama begi lile, lililojaa nguo mpaka zipu inalia. Hakuwa mjinga. Lakini naye alikuwa mtoto wa mama yake, akaelewa kwamba jambo limekwisha na si la kuulizwa.

"Ni ndefu kweli," alisema polepole, na rangi ikamrudi. Jinny naye alikuwa anakuja na birika kubwa la chai, akipiga kelele watu wampishe. Wilf aliziweka liki mezani, akavuta kiti upande wa pili wa Verity. "Sasa, nyie wawili mmeelewana? Nimekuwa kule ndani roho mkononi, sijui nisubiri kombe au nisubiri talaka kabla ya ndoa."

Verity alimtazama bibi yule aliyetoka kumdanganya mwanawe bila kupepesa jicho ili mgeni asiaibike.

"Mama yako ni canny, Wilf," alisema.

Jinny alisimama na birika lake hewani. Wilf alikodoa macho, kwani neno lilitoka kwenye mdomo wa Dorset lakini lilikaa mahali pake barabara, kama limezaliwa mtaani pale pale. Bi Thora aligeuza uso dirishani. Kulikuwa na upepo kidogo nje, naye akautazama kwa muda mrefu kuliko upepo ule ulivyostahili.

"Usizidishe," alisema.

Kisha, mbele ya Jinny, na mbele ya mwanawe, na mbele ya klabu nzima iliyokuwa inamiminika kupitia pazia, aliinua kikombe chake, mkono ukitetemeka waziwazi, akakisogeza kwa Verity.

"Leo jaza," alisema. "Utanishikia."